Ulimwengu Pepe na Mitandao ya Kijamii Darasani: Mambo ya Kufahamu kwa Mwalimu na Mzazi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kishikwambi mkononi mwa mwalimu si jambo geni tena nchini. Vifaa vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo kukamilika, na simu janja zimeingia katika kaya nyingi za mijini na vijijini. Kabla ya hapo, shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19, walimu wengi walijikuta wakiwatumia wanafunzi mazoezi kupitia makundi sogozi ya WhatsApp ya wazazi, jambo ambalo hawakuwa wamelifundishwa chuoni wala kuliandalia mwongozo.

Hali hiyo imezua maswali ambayo walimu na wazazi wamekuwa wakiulizana. Je, mtandao unaweza kuwa darasa? Darasa hilo ni mali ya nani? Na mtoto anayeingia humo analindwa na nani? Makala haya yanaeleza namna waelimishaji wa nchi nyingine walivyotumia ulimwengu pepe na mitandao ya kijamii kufundishia, mafanikio waliyoyapata, hasara zilizowafika, na mambo ambayo mwalimu wa Tanzania anapaswa kuyazingatia kabla ya kuwaalika wanafunzi wake mtandaoni.

Ulimwengu pepe ni nini?

Ulimwengu pepe ni mahali palipotengenezwa kwa kompyuta, penye nyumba, barabara, mito na viumbe vinavyoonekana kwenye kioo, ambapo watu wengi huingia kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa na umbo linalomwakilisha. Umbo hilo huitwa avata. Mtumiaji huiongoza avata yake kutembea, kuzungumza na wengine, kuokota vitu na hata kujenga. Mahali hapo huendelea kuwepo hata baada ya mtumiaji kuzima kifaa chake. Akirudi kesho hukuta alichokijenga jana, pamoja na mabadiliko yaliyofanywa na wenzake.

Kuingia katika ulimwengu wa namna hiyo hakuhitaji miwani maalumu. Miwani ya uhalisia pepe ni njia mojawapo tu. Ulimwengu pepe mwingi uliotumika kufundishia uliendeshwa kwa kompyuta ya kawaida, kibodi na puku.

Mitandao ya kijamii, kwa upande wake, haina mahali pa kutembea. Ni majukwaa ambayo watu hubadilishana maandishi, picha, sauti na video, na kila mmoja huweza kuwa msomaji na mchapishaji kwa wakati mmoja. Facebook, YouTube, WhatsApp na Instagram ni mifano inayofahamika zaidi. Majukwaa haya hayakuundwa kwa ajili ya shule. Walimu waliyakuta, wakaona wanafunzi wao wamo humo, wakajiuliza kama somo nalo linaweza kuingia.

Mji wenye wagonjwa

Mfano unaodhihirisha vizuri faida ya ulimwengu pepe ni River City, mradi wa miaka ya 2000 ulioongozwa na Profesa Chris Dede wa Shule ya Elimu ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, kwa ufadhili wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo. Walengwa walikuwa wanafunzi wa madarasa ya kati, wenye umri unaokaribiana na ule wa wanafunzi wetu wanaomaliza shule ya msingi na kuingia sekondari.

Mwanafunzi aliyeingia River City alijikuta katika mji wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19. Mji huo una mto, hospitali, mitaa ya matajiri na mitaa ya maskini, na wakazi wake wanaugua. Hakuna anayewaambia wanafunzi chanzo cha ugonjwa. Wakiwa katika vikundi vidogo, wao ndio wanaotakiwa kukitafuta. Huzungumza na wakazi, husoma kumbukumbu za waliolazwa hospitalini, huchota maji sehemu mbalimbali za mto na kuyatazama kwa hadubini ya kwenye kompyuta, huwakamata mbu na kuwahesabu. Hurudi katika mji uleule katika majira tofauti ya mwaka na kulinganisha idadi ya wagonjwa.

Ugumu wa kazi hiyo ulikusudiwa. Katika mji huo yalichanganywa maradhi ya namna tatu: yanayoenezwa kwa maji, yanayoenezwa na wadudu, na yanayoenezwa kwa hewa. Mwanafunzi aliyedhani kwamba chanzo ni kimoja alilazimika kurudi kwenye ushahidi wake. Baada ya hapo kikundi kilibuni jaribio: kilibadilisha jambo moja tu katika mji, kikaacha mengine kama yalivyo, na kutazama kama idadi ya wagonjwa itapungua. Mwishoni, wanafunzi waliandika barua kwa meya wa mji wakieleza walichokiona na kupendekeza hatua za kuchukua.

Msomaji wa Tanzania, anayeyafahamu vema maradhi ya kipindupindu, malaria na kifua kikuu, ataona kwa haraka thamani ya zoezi hilo. Darasani, mwalimu anaweza kueleza kwamba kipindupindu huenezwa kwa maji yaliyochafuliwa, na wanafunzi wakakariri sentensi hiyo. Katika mji wa kufikirika, mwanafunzi huigundua sababu hiyo mwenyewe kwa kufuata ushahidi, akikosea na kujirekebisha, bila mtu yeyote kuugua. Aidha, msimu mzima wa mvua unaweza kupita katika kipindi kimoja cha somo. Huwezi kufanya jaribio la namna hiyo katika kijiji halisi.

Timu hiyohiyo ya Harvard baadaye ilitengeneza EcoMUVE, ambamo wanafunzi huchunguza bwawa. Siku moja wanakuta samaki wamekufa kwa wingi. Wanaporudi nyuma kwa siku na wiki, wakipima maji na kuhesabu viumbe, wanabaini kwamba mbolea iliyosombwa na mvua iliingia bwawani, mwani ukaongezeka kupita kiasi, na ulipokufa na kuoza hewa ya oksijeni ndani ya maji ikapungua hadi samaki wakakosa pumzi. Somo kubwa hapo ni kwamba tukio linaloonekana leo linaweza kuwa na chanzo kilichotokea mbali na siku nyingi zilizopita.

Katika miradi yote miwili, mwalimu hakuondoka. Yeye ndiye aliyegawa vikundi, aliyesimamisha kazi ili darasa lijadili, na aliyeuliza swali lililowafanya wanafunzi watilie shaka jibu la haraka. Mwaka 2011, Joel Levin, mwalimu wa kompyuta jijini New York aliyewafundisha watoto wadogo kwa kutumia mchezo wa Minecraft, alishirikiana na wenzake wa Ufini kutengeneza toleo la shule lililoitwa MinecraftEdu. Toleo hilo lilimpa mwalimu uwezo wa kuwakusanya wanafunzi wote mahali pamoja, kuwasimamisha wanapopotea na kuweka mipaka ya eneo la kufanyia kazi. Walimu waliokuwa darasani waliona mapema kwamba ulimwengu usio na msimamizi huwa uwanja wa mchezo, na kipindi huisha kabla somo halijaanza.

Vyuo vilivyojenga kwenye kiwanja cha kukodi

Historia ya ulimwengu pepe uitwao Second Life ni fundisho la aina nyingine. Ulimwengu huo ulifunguliwa Juni 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Tofauti na River City, Second Life haikuwa na somo wala kazi iliyopangwa. Watumiaji wenyewe ndio waliojenga karibu kila kitu kilichoonekana humo, kuanzia nyumba na mavazi hadi maonyesho ya sanaa, na waliuziana kwa sarafu ya ndani iliyoitwa dola ya Linden.

Waelimishaji walivutiwa. Katika muhula wa vuli wa mwaka 2006, Profesa Charles Nesson wa Shule ya Sheria ya Harvard, pamoja na binti yake Rebecca Nesson, walifundisha kozi ya sheria na mtandao iliyoitwa CyberOne. Sehemu ya wanafunzi ilikaa darasani, sehemu nyingine ilikutana ndani ya Second Life, na wananchi wa kawaida popote walipo waliweza kuifuatilia. Nchini Uingereza, Open University, chuo kinachofundisha kwa njia ya masafa, kilikuwa na maeneo yake humo ambapo wanafunzi walioishi mbalimbali waliweza kukutana. Mwaka 2007 chuo hicho kiliendesha pia mradi wa Schome Park kwa vijana, ndani ya sehemu maalumu ya Second Life iliyotengwa kwa wenye umri wa miaka 13 hadi 17.

Kwa mwanafunzi wa elimu ya masafa, faida ilikuwa dhahiri. Mtu aliyezoea kusoma peke yake usiku alijikuta ameketi karibu na wenzake, akisikia maswali yao na kubaki nao kuzungumza baada ya kipindi kuisha. Hali ya kuwa pamoja ndiyo ambayo barua na video zilizorekodiwa hushindwa kuileta.

Hata hivyo, maeneo hayo yalikodishwa. Kisiwa kimoja, chenye upana wa mita 256 kwa mita 256 za kufikirika, kilitozwa dola za Marekani 295 kwa mwezi, na taasisi za elimu pamoja na asasi zisizo za kibiashara zililipa nusu ya kiasi hicho. Tarehe 4 Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba punguzo hilo litakoma kuanzia Januari 2011. Katika kipindi hichohicho, sehemu maalumu ya vijana nayo ilifungwa.

Kwa chuo chenye kisiwa kimoja, gharama ya mwaka ilipanda kutoka dola 1,770 hadi dola 3,540. Kwa chenye visiwa kadhaa, bajeti iliyokwishapitishwa haikutosha. Baadhi ya taasisi zilipunguza maeneo yao, nyingine ziliondoka. Walioondoka waligundua tatizo la pili: si kila walichokuwa nacho kingeweza kuhamishwa. Mtumiaji aliweza kutoa nakala ya vitu alivyovitengeneza mwenyewe, lakini majengo na samani zilizonunuliwa au kupewa na watumiaji wengine zilibaki humo. Kazi ya miaka ilikuwa imewekwa mahali ambapo ufunguo uko kwa mtu mwingine.

Baadhi yao walihamia OpenSimulator, programu huria iliyoanza mwaka 2007, ambayo humwezesha mtu au taasisi kuendesha ulimwengu pepe kwenye seva yake yenyewe. Huko gharama ilipungua na umiliki ukawa wa chuo, ingawa chuo kilihitaji mtaalamu wake wa kuitunza seva. Linden Lab ilirejesha punguzo kwa taasisi za elimu mwaka 2013, lakini wengi walikuwa wamekwishaondoka.

Kampuni hiyo ilitumia haki iliyokuwa nayo kimkataba, na si yake peke yake iliyofanya hivyo. Google ilifungua ulimwengu pepe ulioitwa Lively mwezi Julai 2008 na kuufunga mwezi Desemba mwaka huohuo. Microsoft iliufunga AltspaceVR mwezi Machi 2023, na Mozilla ikafunga huduma yake ya Hubs mwezi Mei 2024. Kwa biashara, kufunga huduma ni uamuzi wa kawaida. Kwa mwalimu aliyeandaa muhula mzima juu ya huduma hiyo, ni kama kufika shuleni asubuhi na kukuta darasa limevunjwa.

Mitandao ya kijamii: nguvu yake na mipaka yake

Mitandao ya kijamii ina faida ambayo ulimwengu pepe hauna: huhitaji kifaa cha bei nafuu zaidi na intaneti kidogo zaidi, na watu wengi tayari wanajua kuitumia. Mfano mashuhuri ni wa Salman Khan, Mmarekani ambaye mwaka 2004 alianza kumfundisha hisabati binamu yake aliyeishi mji mwingine, kwa simu na intaneti. Ndugu wengine walipoomba msaada huo, mwaka 2006 alianza kuweka masomo mafupi kwenye YouTube, na mwaka 2008 akaanzisha taasisi ya Khan Academy. Masomo hayo yalipendwa kwa sababu rahisi. Mwanafunzi asiyeelewa anaweza kusimamisha, kurudi nyuma na kusikiliza tena mara kumi bila kuona aibu mbele ya wenzake.

Nchini Tanzania, jukwaa linalotumika kwa wepesi zaidi kati ya shule na nyumbani ni WhatsApp. Mwalimu akilitumia vizuri, anaweza kutuma zoezi, kupokea picha ya daftari, na kueleza kwa sauti pale mwanafunzi alipokwama. Lakini kundi sogozi lina tabia zinazopaswa kufahamika. Ujumbe mpya husukuma wa zamani juu, hivyo swali la Jumatatu huwa limezama ifikapo Jumatano chini ya salamu na pongezi. Namba ya simu ya kila mwanakikundi huonekana kwa wenzake, wakiwemo watu wazima ambao mzazi hawafahamu. Picha ya mtoto ikishatumwa humo, hakuna anayeweza kuthibitisha imenakiliwa mara ngapi na kupelekwa wapi.

YouTube nayo humaliza somo moja na kumpendekezea mwanafunzi video nyingine, ambayo inaweza isihusiane kabisa na somo. Majukwaa haya hupata mapato kwa kumfanya mtumiaji abaki muda mrefu, ilhali mwalimu anataka mwanafunzi amalize zoezi na kufunga simu. Kutofautiana huko kwa malengo ni jambo la kuzingatiwa kila jukwaa jipya linapopendekezwa.

Kuna pia suala la usawa. Chukua mfano wa darasa la wanafunzi 60 ambapo kaya 20 tu zina simu janja. Mwalimu akifundisha mada mpya mtandaoni, wanafunzi 40 watakuwa nyuma keshoye bila kosa lao. Akitumia mtandao kwa marudio na maswali ya ziada, huku mada yenyewe ikifundishwa darasani na kuandikwa daftarini, wale 20 wanasaidika na wale 40 hawaachwi. Hata namna ya kutuma ina uzito: maandishi hutumia kiasi kidogo sana cha kifurushi cha intaneti, sauti hutumia zaidi, na video ndiyo inayokimaliza. Mzazi anayenunua kifurushi cha siku huilipia tofauti hiyo kutoka mfukoni mwake.

Taarifa za mwanafunzi ni za nani?

Jambo ambalo halionekani kwa macho ndilo linaloweza kudumu muda mrefu zaidi. Kila mwanafunzi anayefungua akaunti huacha jina, umri, picha, mahali alipo, na kumbukumbu ya alichosoma na alichokosea.

Edmodo, mtandao wa kijamii ulioanzishwa Marekani mwaka 2008 mahsusi kwa ajili ya shule, ulipendwa na walimu wa nchi nyingi kwa sababu ulifanana na Facebook lakini ulikuwa chini ya usimamizi wa mwalimu. Mwaka 2017 taarifa za mamilioni ya watumiaji wake ziliibwa. Mwezi Septemba 2022 huduma hiyo ilifungwa. Mwezi Mei 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani iliituhumu kampuni hiyo kwa kukusanya taarifa za watoto bila ridhaa ya wazazi na kuzitumia kwa matangazo ya biashara, na shauri hilo likaishia kwa amri iliyotaja faini ya dola milioni 6. Jukwaa lililobuniwa kwa ajili ya shule, na lililoaminiwa na walimu, halikusalimika. Kwa hiyo neno "elimu" katika jina la programu si dhamana ya usalama.

Tanzania ina sheria zinazogusa suala hili moja kwa moja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa binafsi nyeti, ambazo zimewekewa ulinzi wa ziada, na ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatoa adhabu kwa makosa yakiwemo udhalilishaji mtandaoni na usambazaji wa picha chafu za watoto.

Kwa lugha rahisi, shule inayoorodhesha wanafunzi katika jukwaa, inayochapisha matokeo yao kwenye ukurasa wa Facebook, au inayorusha picha zao kwa lengo la kujitangaza, inashughulika na taarifa ambazo sheria inazihesabu kuwa nyeti. Ridhaa ya mzazi au mlezi haipaswi kuchukuliwa kuwa imetolewa kwa sababu tu mzazi hakulalamika.

Hatua za kuzingatia kwa mwalimu

Kwanza, anza na somo. Andika unachotaka mwanafunzi aweze kukifanya mwishoni mwa kipindi, kisha jiulize kama teknolojia inaongeza kitu ambacho ubao, bustani ya shule au mto ulio jirani hauwezi kukitoa. Uchunguzi wa bwawa halisi lililo hatua chache kutoka shuleni hauhitaji kompyuta. Mabadiliko ya bwawa hilo kwa miezi sita, au mwendo wa elektroni ndani ya waya, ndiyo mambo yanayonufaika na kioo.

Pili, chagua zana zinazoweza kufanya kazi bila intaneti. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, Carl Wieman, hutoa bure majaribio ya sayansi na hisabati ya kwenye kompyuta. Majaribio hayo yanaweza kupakuliwa, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Programu huria ya Kolibri nayo huwezesha kompyuta moja kuhifadhi masomo na kuyasambaza kwa vifaa vingine ndani ya shule bila intaneti. Kwa shule yenye kompyuta chache na mtandao wa kusuasua, zana hizi zina manufaa kuliko ulimwengu pepe unaohitaji mashine zenye nguvu.

Tatu, tunza nakala. Maelezo ya somo, maswali na kazi za wanafunzi vihifadhiwe pia nje ya jukwaa, katika diski ya shule au hata katika karatasi. Kabla ya kuanza kutumia huduma yoyote, jaribu kutoa humo ulichokiweka. Ikiwa hakitoki, usiweke kitu ambacho huko tayari kukipoteza.

Nne, chukua taarifa chache iwezekanavyo. Ikiwa zoezi linaweza kufanyika kwa akaunti moja ya kikundi inayosimamiwa na mwalimu, hakuna sababu ya kila mtoto kufungua ya kwake. Majukwaa makubwa ya kijamii yamejiwekea umri wa kuanzia miaka 13. Kumwelekeza mwanafunzi adanganye umri wake ili aingie ni kumfundisha kosa kabla ya somo.

Tano, weka mipaka ya mawasiliano. Kundi sogozi la darasa liwe na wazazi au walezi, lifahamike kwa mkuu wa shule, liwe na msimamizi zaidi ya mmoja, na lipangwe ili wasimamizi pekee ndio watume ujumbe pale panapohusika matangazo. Mazungumzo ya faragha ya usiku kati ya mwalimu na mwanafunzi yaepukwe, kwa usalama wa mtoto na kwa heshima ya mwalimu mwenyewe. Matokeo ya mtihani ya mwanafunzi mmoja yasiwekwe mbele ya kundi zima.

Nafasi ya mzazi na mlezi

Mzazi asiyejua kutumia kompyuta bado ana nafasi kubwa. Anayo haki ya kuiuliza shule mtoto wake ameandikishwa katika jukwaa gani, kwa madhumuni gani, nani anaona taarifa zake, na zitafutwa lini. Anaweza kukataa picha ya mtoto wake kuchapishwa, na kukataa huko kusimnyime mtoto somo. Nyumbani, simu ya kufanyia mazoezi itumike sebuleni, mahali panapoonekana, na nywila ifahamike kwa mzazi.

Mtoto naye afundishwe mapema kwamba mtu anayekutana naye mtandaoni kwa jina la mwanafunzi mwenzake anaweza kuwa mtu mzima, na kwamba kumweleza mzazi au mwalimu kuhusu ujumbe wa kutisha hakutamletea adhabu. Watoto wengi hunyamaza kwa kuhofia kunyang'anywa simu, na ukimya huo ndio unaompa mhalifu nafasi. Mwananchi anayeshuhudia au kushuku ukatili dhidi ya mtoto, ukiwemo unaofanyika mtandaoni, anaweza kupiga simu bila malipo kwa namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, au kutoa taarifa katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu.

Uzoefu wa River City unaonesha kwamba mtoto akipewa ushahidi na muda, anaweza kufikiri kama mtaalamu wa afya ya jamii. Uzoefu wa Second Life na Edmodo unaonesha kwamba zana inayomwezesha mwalimu leo inaweza kupandishwa bei, kufungwa, au kuziachia mikononi mwa wengine taarifa za watoto aliokabidhiwa. Huduma ikifungwa, shule inaweza kutafuta nyingine muhula unaofuata. Picha na taarifa za mtoto zikishasambaa haziwezi kurudishwa, na kwa sababu hiyo ulinzi wake unapaswa kupangwa siku ya kwanza, kabla mwanafunzi hajaandika jina lake popote.